Zamu Imekwisha, Mwili Ungali Lindoni

Saa moja ya asubuhi koplo wa polisi aliyekesha lindoni anarejea nyumbani kwake kambini. Anavua viatu mlangoni, anafungua mkanda, anatundika koti la sare kwenye msumari, anakaa kitini. Kwa macho ya mtu yeyote apitaye, huyo amekwisha pumzika. Mkewe anamwekea chai mezani, naye anaipokea kwa neno moja tu. Mara mtoto wao wa tatu, aliyekuwa akinyatia masalio ya uji wa jana, sufuria inamponyoka na kuanguka sakafuni. Kabla sufuria haijakoma kuzunguka, baba amekwisha simama, chai imemwagika, na mkono wake wa kulia uko juu. Siku nyingine mkono huo hushuka bila ya kumgusa mtu. Siku nyingine humshukia mtoto.

Jambo hili si geni kwa wasomaji wa ukurasa huu. Katika kambi za Uganda, ambako askari wengi wamelelea watoto wao ndani ya nyumba za duara za mabati zenye chumba kimoja tu, sufuria ikianguka huanguka karibu na sikio la kila mtu. Majirani husikia, na aghalabu hutoa hukumu yao upesi: bwana yule ni mkali. Mke naye hujifunza kuwanyamazisha watoto tangu anaposikia vishindo vya viatu vizito, na watoto hujifunza kumwogopa baba katika saa ile ambayo wangependa zaidi kumkimbilia. Ukali upo, na mkono uliompiga mtoto hauna udhuru. Lakini koplo huyo akiulizwa saa nane ya mchana, baada ya kulala, kwa nini alifanya vile, atajibu kwa ukweli kabisa kwamba hajui. Alikuwa ameketi. Alikuwa akinywa chai. Alidhani amepumzika.

Hapo ndipo penye kosa, nalo ni kosa la watu wengi, wenye sare na wasio na sare. Kukaa si kupumzika, na wala kulala si kupumzika daima, kwa maana wako watu wanaoamka wamechoka kuliko walivyolala, meno yao yakiuma kwa kusagana usiku kucha.

Mwaka 1915 mtaalamu wa Kimarekani aliyeitwa Walter Cannon, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa kitabu kilichoeleza mambo yanayotendeka ndani ya mwili wakati wa hofu na hasira. Mtu akikabiliwa na hatari, tezi mbili ndogo zilizo juu ya mafigo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, ini hutoa sukari iliyowekwa akiba, damu huliacha tumbo na kuelekea kwenye misuli mikubwa, na kazi ya kusaga chakula husimama. Mwili wote umejiweka tayari kupigana au kukimbia. Maandalizi hayo ni neema kwa askari anayekutana gizani na mwizi mwenye panga. Taabu ni kwamba mwili hauna tarumbeta ya kuuambia kwamba vita vimekwisha, hasa pale ambapo vita vyenyewe havikutokea. Askari wa lindo hungoja usiku mzima jambo ambalo mara nyingi haliji. Hakupigana wala hakukimbia. Misuli iliyokazwa saa mbili za usiku ingali imekazwa saa kumi na mbili za asubuhi, na mwenyewe hana habari nayo, kama vile mwenye nyumba asivyousikia tena mlio wa saa yake ya ukutani.

Wengi huitafuta dawa katika pombe, iwe ni malwa inayonywewa kwa mirija pamoja na wenzake au waragi ya peke yake. Hapana haja ya kuhubiri hapa. Yatosha kueleza pombe ifanyavyo. Humletea mnywaji usingizi wa haraka, kisha katika nusu ya pili ya usiku huukatakata usingizi huo vipande vipande, naye huamka alfajiri moyo ukimwenda mbio. Haiwafundishi misuli wala mishipa ya fahamu kitu chochote, huwapiga rungu tu. Chai ya rangi na kahawa zina taabu yake nyingine. Dawa iliyomo ndani yake, kafeini, kwa watu wengi hubaki nusu nzima katika damu baada ya saa tano hivi. Askari anayekunywa vikombe vitatu vya kahawa alfajiri ili asisinzie, kisha akalala saa mbili asubuhi akishangaa kwa nini jicho halifumbi, amejibiwa.

Dawa ya tatu inayotumiwa sana nyumbani ni neno “tulia”. Mke humwambia mume, mume humwambia mke, na wote wawili humwambia mtoto kwa sauti inayosikika nyumba ya tatu. Neno hilo halijapata kumtuliza mtu. Hata uwanjani, sajini akisema “mguu pande”, miguu hutii mara moja lakini mabega hubaki pale pale yalipokuwa wakati wa “mguu sawa”. Kulegea hakuji kwa amri. Huja kwa mazoezi, kama vile kulenga shabaha kunavyokuja kwa mazoezi, na mwalimu mkubwa wa mazoezi hayo katika karne ya ishirini alikuwa daktari mmoja wa Chicago.

Edmund Jacobson alizaliwa katika mji huo mwaka 1888. Alipokuwa mwanafunzi Harvard, mwaka 1908, alianza kuchunguza kile kinachomfanya mtu ashtuke anaposikia kishindo cha ghafla. Ndiyo sufuria yetu ile. Aligundua kwamba mtu aliyefundishwa kulegeza misuli yake barabara hashtuki kama wengine. Sauti ileile, yenye nguvu ileile, huwakuta watu wawili, mmoja akaruka na mwingine akafumbua macho tu. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya mshtuko haimo katika kishindo. Imo katika misuli iliyokuwa imekwisha kazwa kabla ya kishindo kuja, kama mtego uliotegwa ukingoja mguu.

Jacobson aliifanya kazi hiyo miaka mingi. Mwaka 1929 alitoa kitabu kwa ajili ya madaktari, na mwaka 1934 akatoa kingine kwa ajili ya watu wa kawaida. Alitumia vyombo vyenye uwezo wa kupima umeme mdogo mno unaopita ndani ya misuli, na vyombo hivyo vilimwonyesha jambo ambalo kila mtu anayelala na mawazo yake anapaswa kulijua. Mtu aliyelala kimya akifikiri tu kwamba anakunja mkono, misuli ya mkono huo hutoa umeme kidogo, kana kwamba unaanza kukunjwa. Akifikiri maneno, ulimi na midomo hufanya vivyo hivyo. Basi askari anayejigeuza kitandani akirudia moyoni mabishano yake na mkubwa wake wa kazi, akimjibu sasa yale majibu mazuri ambayo hayakumjia wakati ule, hayupo kitandani hata kidogo. Taya lake linazungumza. Ngumi yake imo mbioni kukunjwa. Amesimama mbele ya meza ya mkubwa wake mpaka jogoo anawika.

Lipo jaribio dogo ambalo kila nyumba yaweza kulifanya leo jioni bila ya chombo chochote. Mtu mmoja alale chali juu ya mkeka. Aambiwe autoe mkono wake kabisa, asiusaidie wala asiuzuie. Mwenzake aushike mkono huo kifundoni kwa vidole, auinue mpaka uwe kama shubiri mbili kutoka chini, kisha auachie bila ya kumtahadharisha. Mkono uliolegea huanguka papo hapo, pu, kama kitambaa kilicholowa maji. Lakini mara nyingi mkono hauanguki. Hubaki angani, umenyooka, na mwenyewe amefumba macho akiamini kwamba amelegea kabisa. Wengine hucheka wanapofumbua macho na kuuona. Wengine hubisha. Huko kubisha ndiko kunakoonyesha jinsi mtu anavyoweza kuishi miaka kumi na mkono uliokazwa bila ya kujua, maana ni nani aliyepata kumwachia mkono wake?

Njia ya Jacobson huanzia hapo, na ajabu yake ni kwamba haianzi kwa kulegeza. Huanza kwa kukaza. Mtu asiyejua kwamba ngumi yake imekunjwa hawezi kuikunjua. Hana budi kwanza aikunje makusudi, aone ukazaji ulivyo, kisha auachie na aone tofauti. Jacobson mwenyewe alichukua miezi kumfundisha mgonjwa mmoja, muda ambao si wa mtu mwenye zamu. Waliomfuata walifupisha. Wataalamu wawili wa Marekani, Bernstein na Borkovec, walitoa mwaka 1973 kitabu cha mafunzo kinachogawa mwili katika mafungu kumi na sita ya misuli, na mpango wao ndio ambao, kwa mageuzi madogo, hutumiwa hata sasa katika hospitali nyingi. Kwa mtu wa kambini yafaa aanze na machache.

Alale chali, au akae kwenye kiti chenye egemeo, mkanda ukiwa umefunguliwa. Aanze na mkono wa kulia. Akunje ngumi kwa nguvu kiasi, si kwa nguvu zake zote, kwa kuwa lengo ni kuusikia msuli na si kuuumiza. Ahesabu polepole moja hadi sita, akiusikiliza ukazaji unavyopanda kutoka vidoleni kupita kifundoni hadi chini ya kiwiko. Kisha aachie mara moja. Asiachie kidogo kidogo kama mtu anayeteremsha debe la maji, aachie kama mtu aliyekatikiwa na kamba. Na hapo, kwa muda wa nusu dakika nzima, asifanye neno lolote ila kuangalia kinachotokea mkononi. Wengine husikia joto, wengine uzito, wengine mnyeo mdogo kwenye ncha za vidole. Wanaoanza huiruka nusu dakika hiyo kwa kuwa huonekana kama hakuna linalofanyika, nao hupoteza zoezi zima, kwa sababu nusu dakika hiyo ndiyo somo. Kukaza ni kengele tu ya kuita darasa.

Arudie mara ya pili, kisha ahamie mkono wa kushoto. Baada ya mikono, uso. Ainue nyusi mpaka kipaji kijikunje, aachie. Afumbe macho kwa nguvu, aachie. Aume meno, aachie, na hapo ayaache meno ya juu na ya chini yasigusane, ulimi ukilala chini ya kinywa bila ya kusukuma popote. Taya na ulimi visipitwe haraka, hasa kwa mtu anayelala na mabishano kama yule wa hapo juu; wengi hushangaa kuona kwamba ulimi ukilala, maneno ya ndani nayo hupungua. Kisha mabega: ayapandishe mpaka yakaribie masikio, ahesabu sita, ayaache yaanguke. Mabega ya mtu aliyebeba bunduki usiku kucha hayako sawa, na lile la upande wa mkanda wa silaha aghalabu huhitaji mara ya tatu. Halafu tumbo, mapaja, mashavu ya miguu na nyayo, ila misuli ya miguu isikazwe sana, maana askari aliyesimama saa kumi na mbili hupata mkakamao kwa urahisi.

Zoezi zima huchukua robo saa hadi dakika ishirini. Siku ya kwanza mtu huweza kuona ni upuuzi, na siku ya pili akasinzia katikati, jambo ambalo si kosa. Faida yake huonekana baada ya majuma mawili matatu ya kulifanya kila siku, nayo hasa si ile robo saa yenyewe. Ni kwamba mtu huanza kujifumania. Yupo kwenye foleni, yupo garini, yupo mbele ya mtoto aliyemwaga maziwa, na ghafla anaona: taya limekazwa, bega limepanda. Zamani hangejua. Sasa anajua, naye anao uwezo wa kuliachia kama alivyoliachia mkekani. Kati ya kuanguka kwa sufuria na kuinuka kwa mkono hupatikana nafasi ndogo, pengine ya kuvuta pumzi moja.

Na pumzi nayo ina elimu yake, ambayo kila askari amekwisha fundishwa nusu yake bila ya kuambiwa jina. Kwenye uwanja wa shabaha mwalimu humwagiza avute pumzi, aitoe, na pale mwisho wa kuitoa, mwili unapotulia kidogo kabla ya kuvuta nyingine, ndipo abonyeze kiwashio. Kila aliyepata kushika bunduki anajua kwamba katika kituo hicho mtutu hutulia. Sababu yake yaweza kuthibitishwa kwa kidole. Mtu aweke vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, avute pumzi polepole kisha aitoe polepole zaidi. Akiwa na subira ataona kwamba mapigo huongeza mwendo kidogo anapovuta na hupunguza anapotoa. Moyo hauchukui amri, ila huifuata pumzi, na pumzi huchukua amri. Basi anayetaka kuutuliza moyo na arefushe utoaji wa pumzi: ahesabu nne anapovuta na sita anapotoa, kwa dakika tano, bila ya kujaza kifua kwa nguvu, maana kuhema kwingi na kwa haraka huleta kizunguzungu na ganzi midomoni.

Hesabu hiyo humpa mtu pumzi sita hivi kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyetulia huvuta kumi na mbili hadi ishirini. Idadi ya sita imewahi kujitokeza mahali ambapo pengine haikutazamiwa. Mwaka 2001 madaktari wa Italia, wakiongozwa na Luciano Bernardi, walichapisha uchunguzi wao juu ya watu wazima 23 wenye afya waliosali rozari kwa Kilatini au kurudia maneno ya wafuasi wa yoga. Kwa njia zote mbili pumzi zilishuka mpaka karibu na sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuata. Bibi anayesali rozari yake jioni kibarazani, au mzee avutaye tasbihi bila ya haraka, yaelekea amekuwa akijua jambo ambalo vyombo vya hospitali vilikuja kulipima baadaye.

Swali linaloulizwa na watu wa kambini ni jingine, nalo ni la haki: robo saa hiyo ifanyike wapi? Chumba ni kimoja, watoto ni wanne, redio ya jirani imefunguliwa mpaka mwisho, na bati linaanza kuwaka jua saa tatu. Anayengojea ukimya hatapata. Heri kupatana. Mke na mume waketi siku ambayo hakuna aliyekasirika, wakubaliane kwamba anayetoka zamu ana robo saa yake kabla ya habari yoyote ya karo, ya mkopo wa dukani au ya shangazi anayekuja kukaa. Watoto wakubwa waende bombani na majerikeni, wadogo wapelekwe kibarazani kwa jirani mwema, ambaye naye atatendewa vivyo hivyo zamu yake ikifika. Mtu akiamua kupitia robo saa hiyo nje, chini ya mwembe ulio nyuma ya nyumba, akiwa amekaa tu na mgongo wake kwenye shina, hilo nalo latosha. Jambo la lazima ni kwamba kila mtu nyumbani ajue, ili mtoto asione amefukuzwa na mke asione amenuniwa.

Lakini mapatano hayo hayana maana yakiwa ya upande mmoja. Kurasa nyingi za nyumbani hupenda kumwagiza mke amtulize mume: amwekee maji ya moto, amnyamazishie watoto, asimletee habari mbaya. Mawaidha hayo yamechakaa. Mke wa askari naye amekesha. Amelala akisikiliza, amehesabu saa, amesikia gari likisimama karibu na kambi usiku wa manane na moyo wake ukasimama nalo. Mume anapohamishiwa mbali, naye akabaki miezi na habari za kuokota, lindo lake halina hata mtu wa kumpokea zamu. Akipuliza sigiri mabega yake yako masikioni. Akimenya ndizi ameuma meno. Yeye pia anastahili robo saa, na siku hiyo ni mume atakayekwenda bombani. Na pale ambapo mwenye sare ni mama, kama ilivyo katika nyumba nyingi za polisi, mpango ni uleule, isipokuwa kwamba wanaume wa jirani watacheka kwa juma moja hivi kabla ya kuzoea.

Kwa kazi za nyumbani yako mazoezi yanayoingia bila ya kuomba nafasi. Anayekuna nazi au kukata mboga aweza kusimama baada ya kila fungu, akayapandisha mabega na kuyaangusha. Anayebeba jerikeni aweza kuiweka chini kila baada ya hatua hamsini na kuukunjua mkono mpaka vidole vining'inie vyenyewe. Si mengi hayo, lakini mwili huyaweka katika hesabu yake.

Jeshi lina sababu yake ya kulikumbuka somo hili. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwako daktari kijana wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, mzaliwa wa Johannesburg, aliyetumikia katika jeshi la nchi yake na kupewa kazi ya kuwaangalia askari waliovunjwa moyo na vita. Dawa zilizokuwa zikitumiwa wakati huo hazikumridhisha, kwa maana askari walizungumza yaliyowapata na bado hawakupona. Baada ya vita aliichukua njia ya Jacobson, akaifupisha, akaiunga na fikra yake mwenyewe kwamba mwili uliolegea kwa kweli hauwezi wakati uleule kuwa na hofu. Mgonjwa hulegezwa kwanza, kisha huombwa kufikiri jambo linalomtisha kidogo mno. Akiweza kulifikiri bila ya kukazana, hupandishwa ngazi ya pili, na ya tatu. Wolpe aliieleza njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1958, nayo imesambaa duniani kote. Hata hivyo kupanda ngazi hizo ni kazi ya kufanywa na mganga aliyesomea, wala si ya kujaribiwa na rafiki baada ya chakula cha jioni.

Onyo hilo lina maana maalumu kwa nyumba za askari. Wako watu ambao wakifumba macho na kulegea hawapati raha, bali hofu huwazidi, hasa wale walioona mauaji au waliopona peke yao katika kundi. Mtu wa namna hiyo asilazimishwe. Afanye mazoezi akiwa amefumbua macho, ameketi, mgongo ukutani na mlango mbele yake, kwa dakika mbili tatu tu. Na kama hata hivyo hofu inakuja, aache. Aliye na jeraha, uti wa mgongo unaouma au mfupa uliovunjika asikaze sehemu hiyo. Mwenye shinikizo la damu asiache dawa zake kwa kuwa ameanza kujisikia vizuri, wala asizuie pumzi anapokaza misuli.

Na askari ambaye kwa zaidi ya mwezi mmoja anaota vita vilevile, anaruka kwa kila kishindo, anakwepa njia fulani au nyuso fulani, na moyo wake umekuwa baridi kwa watu aliokuwa akiwapenda, huyo hana haja ya mkeka. Ana haja ya daktari. Hali hiyo iliingizwa mwaka 1980 katika kitabu cha magonjwa cha madaktari wa akili wa Marekani, baada ya askari wengi kurudi kutoka Vietnam wakiwa nayo, na ina matibabu. Katika Uganda ipo hospitali ya Butabika jijini Kampala, na hospitali kubwa za mikoani nazo zina vitengo vya afya ya akili. Wapo wanaoona haya kuonekana kwenye lango la Butabika kwa kuogopa kuitwa wendawazimu. Watu haohao wakipata homa ya malaria hawaulizi majirani watasemaje.

Mazoezi ya kulegea hayaongezi mshahara, hayapunguzi saa za lindo, na bati la nyumba litaendelea kuwaka jua saa tatu. Mambo hayo yana milango yake ya kubishwa, nayo yabishwe. Mtu asiambiwe alegee ili asidai haki yake. Aliyelegea huidai kwa sauti inayosikilizwa zaidi.

Watoto, kwa upande wao, hulijifunza somo hili upesi kuliko wakubwa, nao hulichukua kuwa mchezo. Hulala mkekani wakajifanya matambara yaliyolowa, wakainuana mikono na kuiachia, na ole wake ambaye mkono wake utabaki juu. Koplo yule wa sufuria akiwa na hekima atalala nao. Mara ya kwanza mwanawe wa tatu atauinua mkono wa baba kwa mikono yake miwili, kwa kuwa ni mzito, atauachia, na mkono utabaki palepale angani. Wote watapiga kelele. Mara ya pili utashuka kidogo kidogo, kwa hila, na mtoto hatakubali. Pengine ni siku ya kumi, au ya ishirini, ndipo mkono utakapoanguka mkekani wenyewe, na mtoto, akiisha kuutazama, atauokota tena.

“Baba, usiusaidie,” atasema. “Mara moja tena.”